Ndama Walibaki Karuba

Nikisikia mtu akisema ubora wa elimu ni mambo ya makaratasi, hucheka kwanza, kisha hukasirika. Nilikuwa mkuu wa kitengo cha ubora katika taasisi ndogo ya kilimo na mifugo, juu ya kilima kinachotazamana na Karuba, huku Masisi. Kitengo chenyewe kilikuwa mimi, meza moja, na dirisha lisilofunga vizuri. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kwamba tunachodai kufundisha kinafundishwa kweli. Siku kazi hiyo ilipopimwa, karatasi zangu zilikaa mezani kimya, na walioongea ni ng'ombe.

Niseme kwanza tulikuwa tunatafuta nini. Chuo kikuu kimoja cha ng'ambo ya mpaka, upande wa mashariki, kilikubali kutoa shahada pamoja nasi: mwanafunzi asome huku kwetu, na shahada yake ibebe mihuri miwili, wao wapige wa kwao na sisi tupige wetu. Lakini muhuri wa watu haubebwi bure. Ilibidi tume ya wataalamu wa nchi zote mbili ije itukague kwa pamoja, kisha iseme kama tunastahili. Hiyo ndiyo iliyoitwa ithibati ya pamoja. Bila hiyo, shahada yetu ilikuwa na nguvu mpaka Sake, labda na Goma siku ambayo ofisa ameamka vizuri.

Aliyekuwa na haraka kuliko sisi sote ni binti wa mwaka wa mwisho aliyekuwa akiishi nyumbani kwangu. Alitoka Walikale, kwenye msitu, mtoto wa wawindaji. Kwao ng'ombe hawapo. Mwaka wake wa kwanza aliwaogopa hata akawa anazunguka kilima kizima ili asipite karibu na zizi, na mimi nilimtania sana: mtoto wa watu wanaowinda nguruwe wa porini anamkimbia mnyama anayekula majani! Alifika mwaka wa mwisho akiwa ndiye ambaye wafugaji wa Karuba walituma mtu amwite, mnyama akishindwa kuzaa. Aliniita Mama, ingawa kwa umri angeweza kuniita dada, na mimi nilijifanya sipendi.

Chuo kile cha ng'ambo kilikuwa kimempa nafasi ya kuendelea na masomo ya udaktari wa mifugo. Sharti lilikuwa moja: awe na shahada ya mihuri miwili kabla mwaka wao wa masomo haujaanza. Nafasi isingemngoja. Na nyuma hakukuwa na pa kurudi, maana barabara ya Walikale ilikuwa imefungwa na mapigano, na wazazi wake walikuwa upande wa pili, mahali fulani msituni. Kila jioni aliniuliza tume inakuja lini. Nilimjibu kwa ukali, kwa sababu na mimi nilikuwa naogopa.

Zamani taasisi ilikuwa na ng'ombe wake. Vita vilipopanda kilima chetu, kundi moja la wenye bunduki lilichukua nusu, na kundi lililolifukuza lile la kwanza likachukua nusu iliyobaki, ili haki itendeke. Zizi likaota magugu. Tangu hapo wanafunzi walijifunzia kwa majirani. Walishuka Karuba na mwalimu wao, wakakata kwato, wakachanja, wakatibu kupe na macho, wakazalisha. Wafugaji walifurahi, maana daktari wa mifugo aliyekuwapo alikuwa ameshakimbilia Goma. Lakini jambo hilo hatukuliandika popote katika ripoti yetu ya kujitathmini. Tuliliona ni aibu. Nani anamtangazia mgeni kwamba watoto wake wanakula kwa jirani?

Kwa hiyo barua ya tume ilipofika na kusema wataalamu watatembelea pia mahali pa mafunzo ya vitendo, mkurugenzi wetu, ambaye sote tulimwita DG, aliitisha kikao. Alikuwa mtu mwema, mnene, mwenye kujali sana koti lake. Alituangalia kwa zamu.

"Mugeni anapokelewa mu zizi tupu?" akauliza.

Swali hilo kwetu lina jibu moja. Huku milimani, mgeni akitangazwa, nyumba nzima inaazimwa. Viti vinatoka kwa jirani wa kulia, sahani zinatoka kwa akina mama wa kanisa, na chupa ya chai inatoka kwa mke wa katekista, ambaye ndiye peke yake mwenye chupa isiyopooza chai. Mgeni anakaa kwenye kiti cha mtu mmoja akinywa katika kikombe cha mtu mwingine, na hakuna anayeitwa mwongo. Ni heshima. Kama viti vinaazimwa, basi na ng'ombe. Tulipiga kura kwa kukaa kimya.

DG alishuka mwenyewe Karuba kumwona mzee mmoja mfugaji, Papa kama tunavyowaita baba wa watu huku, mtu mfupi wa utani mwingi na kundi dogo la ng'ombe wazuri. Papa alikubali kabla hata ombi halijaisha. Aliweka masharti mawili tu. Ng'ombe warudi kabla ya kukamuliwa jioni. Na ndama wabaki nyumbani, kwa sababu kwenye njia ya kupandia kwetu kulikuwa na kizuizi cha wenye bunduki, na ndama huingia chunguni kirahisi kuliko ng'ombe mzima. DG akaona hilo si tatizo. Tume ilikuwa ifike asubuhi. Kufikia saa sita kila kitu kingekuwa kimekwisha.

Nyumbani binti yule alikuwa anafua koti lake jeupe. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mama, wageni wakiuliza hii ngombe ni ya nani, tutajibu nini?"

"Watauliza mambo ya programu. Hawatauliza ngombe."

Akakamua koti, akalikung'uta. "Kwetu muwindaji akirudia bila nyama, anapita mu njia ya katikati na wavu wake mu bega, watu wote waone iko tupu. Akijificha nyuma ya manyumba, kesho nani atamufuata mu pori?"

"Huku haiko pori," nikamwambia. "Huku mugeni anaheshimiwa."

Alianika koti na kuanza kuchambua maharage.

Siku yenyewe ng'ombe walifika ukungu haujainuka, wakiongozwa na mchungaji wa Papa. Mbele alikuwa jike mmoja wa rangi ya kahawia, mwenye pembe moja iliyopinda. Binti alimshika shingoni na kumsemesha. Wakati wa mvua binti ndiye aliyekuwa amemzalisha, ndama akija miguu ya nyuma ikiwa mbele, na watu wa Karuba walikuwa bado wanahadithia. Tulifyeka magugu, tukamwaga majani mapya, wanafunzi wakavaa makoti yao. Kwa macho ya haraka, lilikuwa zizi la taasisi yenye heshima zake.

Tukangoja.

Tume ilikuwa imelala Goma. Ujumbe wa kwanza ulisema wametoka Goma. Wa pili ulisema wako kwenye kizuizi cha Mubambiro, wanajeshi wanakagua gari. Baada ya hapo mtandao ukakatika. DG alitembea kutoka ofisini hadi barabarani na kurudi, akifuta viatu kila aliporudi. Chai ya mke wa katekista ilianza kupooza hata ndani ya chupa yake. Saa nne ikapita, saa tano ikapita, na jua likaanza kuuma.

Wa kwanza kulia alikuwa yule wa kahawia. Aliinua kichwa kuelekea Karuba, akatoa sauti ndefu, akanyamaza kusikiliza, akatoa tena. Kisha mwenzake akamjibu, na muda si muda zizi zima lilikuwa linalia. Anayejua ng'ombe anajua sauti hiyo. Viwele vilikuwa vimejaa mpaka maziwa yakaanza kudondoka yenyewe kwenye majani, na wa kunyonya hawakuwepo.

Binti alikuja mbio. "Mama, nikamue kidogo? Wanaumia."

Nikamwangalia DG. "Hapana," akasema. "Wageni wakute ziwa imejaa. Wanafika sasa hivi."

"Papa DG, tangu asubui ni sasa hivi."

"Nimesema hapana, mutoto!"

Hasira ilinipanda mpaka masikioni, lakini nilichomwambia binti ni angoje kidogo. Alirudi kwenye mstari wa wenzake na kusimama na mikono nyuma. Nilimwona akifumba macho kila ng'ombe alipolia. Na mimi, Mungu anisamehe, nilichokuwa nafikiria ni nafasi yake ya masomo tu. Nilisema moyoni: vumilia, mwanangu, ni saa chache tu, kisha unavuka mpaka.

Gari lilifika jua likiwa limeshaanza kuinama. Mwenyekiti wa tume alikuwa mwanamke wa makamo kutoka ng'ambo, mwembamba, daktari wa mifugo yeye mwenyewe, na alishuka akiwa ameshavaa buti za mpira. Nyuma yake wenzake wawili, vumbi tupu. Alituomba radhi kwa kuchelewa, akasema walinzi wao wanataka wapite Mubambiro kabla giza halijaingia, kwa hiyo tusipoteze muda. DG alimkaribisha chai. Alikaa kwenye kiti cha jirani, akapokea kikombe cha kanisa, na mimi nikaanza kueleza malengo ya programu.

Nilikuwa nimejiandaa vizuri, nasema bila aibu. Lakini mama yule alikuwa amegeuza uso kwenye dirisha langu lisilofunga. Kule nje ng'ombe walikuwa wanalia bila kupumzika. Aliweka kikombe chini kabla hajakinywa nusu.

"Tuanze zizini," akasema.

Tulishuka sote. Wanafunzi walikuwa wamepanga mstari. Mwenyekiti hakuwaangalia kwanza. Aliingia moja kwa moja, akamwendea yule wa kahawia, akaweka kiganja chini ya kiwele. Ng'ombe akarusha teke, na maziwa yakamrukia mama yule mkononi.

"Ndama wake yuko wapi?"

"Iko mu malisho ingine, Madame," DG akasema.

"Twende nikamwone."

"Ni mbali kidogo, Madame, na ile njia..."

"Na mimi nimetoka mbali."

Nilijua tuko ukingoni. Tayari nilikuwa na sentensi mdomoni, sentensi nzuri kabisa, kuhusu usalama wa njia na mpango wa kuwatenga ndama kwa ajili ya chanjo. Ingemridhisha mtu yeyote aliyechoka. Njia ya mwongo ni fupi, tunasema, na mimi nilikuwa nimeshainua mguu.

Binti akatoka kwenye mstari.

"Iko Karuba," akasema. "Hii ngombe haiko yetu. Tuliazima juu ya wageni."

DG alicheka kicheko kidogo cha kutisha. "Huyu mutoto ni mutu wa Walikale, Madame. Mambo ya ngombe haelewi."

"Ninaelewa, Papa DG." Hakuishusha sauti. "Huyu ninamujua. Ndama yake niliivuta na mikono yangu. Sasa iko na njaa tangu asubui, na mama yake iko naumia, na sisi tunamuangalia tu."

"Ng'ombe wenu wako wapi?" mwenyekiti akamuuliza.

"Vita ilibeba yote."

Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyemtuma. Alikwenda mlangoni, akatoa miti inayofunga zizi, mmoja mmoja, akailaza chini. Yule wa kahawia alipita kwanza, akikimbia vibaya kwa sababu ya kiwele, na wengine wote nyuma yake, wakaiteremka njia ya kuelekea Karuba, mchungaji wa Papa akiwafuata anapiga kelele. Tulibaki tumesimama ndani ya zizi tupu, sisi na wageni wetu na majani mapya.

Mwenyekiti alifuta mkono kwenye suruali. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha.

"Sasa nataka kuelewa," akasema, akiniangalia mimi. "Wanafunzi hawa wanajifunzia wapi?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, ya Karuba, ya kwato, ya chanjo, ya wafugaji wanaokuja kuita usiku wa mvua. Maneno yalinitoka kwa haraka, kwa shari, kama vile yeye ndiye aliyetuibia ng'ombe.

"Mbona sikuyasoma kwenye ripoti yenu?"

"Ni aibu."

"Aibu?" Aligeuka akaangalia njia walikopita ng'ombe. "Masharti yetu hayadai chuo kiwe na ng'ombe. Yanadai mwanafunzi amshike ng'ombe, amtibu, amzalishe. Hicho nilichokuja kukitafuta mnacho. Tulipita chini ya Karuba tukija. Mngesema, tungesimama hapo, tukaona kazi yao, tukaongea na wafugaji. Sasa muda umekwisha." Akatikisa kichwa. "Mficha uchi hazai, Mama."

Methali hiyo naijua tangu utoto. Sikuwahi kuchukia kuisikia namna ile.

Ilikuwa desturi ya tume kusema maoni yake kabla ya kuondoka. Walisema wamesimama, darasani, dereva akiwa ameshawasha gari. Programu haikukataliwa. Lakini walionyeshwa kitu ambacho si kweli, na kile kilicho kweli hawakupata muda wa kukiona. Kwa hiyo uamuzi unaahirishwa mpaka tume irudi, na tume ingerudi mwaka unaofuata, kama barabara itaruhusu.

Nilimtafuta binti kwa macho. Alikuwa kwenye kiti cha mwisho, karibu na ukuta. Alikuwa ameelewa kabla ya wote. Mwenyekiti, niliyekuwa nimemweleza habari ya nafasi yake, alimfuata pale, akamshika mkono.

"Nafasi yako siwezi kuishikilia," akamwambia. "Tarehe za chuo haziko mikononi mwangu."

"Ninajua, Mama," akajibu.

Gari lilipoondoka, wenzake walimgeukia. Mmoja akasema ametuuza. Mwingine akasema ndio shida ya kusoma na mutu wa pori. Hapo ndipo hasira yangu yote ya siku ilipopata pa kwenda. Niliwasema mpaka DG akatoka ofisini kunituliza. Niliwauliza ni nani kati yao amepoteza kitu leo. Wao wataingoja tume wakiwa darasani. Aliyepoteza alikuwa anajifunga kitambaa chake kichwani ili ashuke nyumbani kupika.

Alipika maharage kama kila siku. Nilikaa karibu naye kwenye moshi. Nilitaka kumfariji, lakini mdomo wangu haujazoea kazi hiyo.

"Ungenyamaza tu," nikasema.

Akakoroga. "Ningenyamaza, Mama. Na ngombe, ingenyamaza?"

Nililia mimi, si yeye. Alinipa mwiko niendelee kukoroga, akaenda kuchota maji.

Kesho yake Papa wa Karuba alipanda kilima kwa njia ya nyuma, akikikwepa kile kizuizi cha wenye bunduki. Hakuja na utani. Ng'ombe wake wa kahawia alikuwa amefika na kiwele kimevimba, cha moto, na alimwambia DG maneno ambayo siwezi kuyaandika. Binti alichukua mfuko wa dawa akashuka naye. Alikaa Karuba mpaka kiwele kikapoa na ndama akarudi kunyonya.

Aliporudi, Papa alikuwa nyuma yake akivuta ndama kwa kamba. Jike, wa kahawia, miguu mirefu. Huku kwetu ng'ombe ndiyo shukrani kubwa ambayo mtu anaweza kutoa. Ukipewa ng'ombe, mmekuwa ndugu.

"Huyu ulimuleta weye mu dunia, na mama yake umemurudisha," Papa akasema. "Atanyonya kwangu mpaka aachishwe. Lakini ni wako. Watu wote wasikie."

Binti alicheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile. "Papa, kwetu ni pori. Ataishi na chui?"

"Hiyo ni shida yako na chui."

Ndama alipoachishwa, binti alimpandisha kwetu, akamweka katika zizi lile tupu. Alisema akae hapo kwa sasa, wanafunzi wamtumie, wamtunze. Mwaka wa masomo wa ng'ambo ulikuwa umeanza bila yeye. Alipata shahada yetu ya muhuri mmoja, akaikunja ndani ya kitenge. Baadaye mapigano yalisogea, na kwa siku chache barabara ya Walikale ikapitika. Alipata pikipiki, akasema anakwenda kumwona mama yake, kisha atarudi. Nilimpa viazi vya njiani na kumgombeza kwa sababu ya viatu vyake vyepesi. Barabara ikafungwa nyuma yake.

Tume ilirudi kweli, mwaka uliofuata, mama yule yule na buti zile zile. Safari hii nilimpokea njiani. Sikumpa chai. Nilimshusha Karuba moja kwa moja, wakati DG akitufuata nyuma akiteseka, maana mgeni alikuwa anatembezwa kwenye matope hajatia hata maji mdomoni. Wanafunzi walifanya kazi mbele yake kwa ng'ombe wa watu, na kila ng'ombe tulimwambia ni wa nani. Papa aliongea sana. Alimwambia jinsi tulivyoazima ng'ombe wake na kuwarudisha wagonjwa, na mimi niliacha aseme.

Jioni haijafika tukapanda kwenye zizi letu. Ndani alikuwemo mtamba mmoja wa kahawia, anacheua, amenenepa vizuri.

"Ah," mwenyekiti akasema, akatabasamu. "Hatimaye mmepata wa kwenu."

Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. DG alikuwa ameshafungua mdomo. Nilimkanyaga mguu, naomba radhi kwa kiatu chake.

"Si wetu," nikasema. "Huyu naye tumeazimwa."

Mama yule aliacha kutabasamu. "Na nani?"

"Na yule aliyetoa miti ya mlango."

Aliingia zizini, akamwekea mtamba mkono mgongoni. Aliuliza binti yuko wapi, nikamwambia Walikale, na kwamba barabara imefungwa. Aliuliza kama huwa tunapata habari zake. Nikamwambia mara chache, mtandao ukitaka.

Ithibati ilitoka baadaye. Shahada zetu sasa zina mihuri miwili. Kwa wale waliomaliza kabla, tume iliacha mlango: anayetaka muhuri wa pili aje afanye mtihani wa vitendo mbele ya watahini wa pande zote mbili. Aliponiaga, mwenyekiti aliniambia nimwambie binti kwamba anaweza kuufanya kwa ng'ombe wake mwenyewe.

Nilipiga simu wiki nyingi. Siku moja akaipokea. Nyuma yake nilisikia mvua na watu wengi. Nilianza kumweleza habari za muhuri, kwa kelele, nikirudia kila neno, lakini alinikata.

"Mama, ndama yangu iko nakula?"

"Haiko ndama tena," nikamwambia. "Iko na mimba. Na wakati yake ikifika, huku hatuna mutu mwenye atamuzalisha. Unanisikia? Rudi."

Simu ilikuwa imekatika. Sijui alisikia mpaka wapi.